Miguu Inapumzika

Jumapili, 5 Agosti 1956

Niko hai. Jana nimekimbia maili ishirini na sita, kutoka bomani Tarime hadi Sirari na kurudi. Mbio zangu za kwanza! Nimekuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho ni Nashoni, ambaye alisimama njiani kunywa pombe msibani, na bado nusura anipite. Jirani yangu Simioni alifika mapema, akapewa blanketi. Blanketi! Leo kanisani nimeshindwa kupiga magoti. Nimesimama peke yangu, katekista akanitazama kama mpagani. Ngazi za mlangoni nimezishuka kinyumenyume, maana kwa mbele hazishukiki.

Jumatatu, 6 Agosti

Mke wangu Wegesa kauliza kama miguu inauma. Mkurya aliyetoka jandoni bila kupepesa jicho atasemaje inauma? Nimejibu haiumi, inapumzika. Nikaongeza kwamba Mzungu aliyesimamia mbio ametuagiza tulale mpaka damu ijue njia ya kurudi. Hakusema hivyo. Lakini angeulizwa, nani ajuaye? Wegesa kanitolea kitanda uani, kivulini, kanikanda mapaja kwa samli. Uji wa ulezi asubuhi, supu ya kongoro jioni. Paa la ghala, ambalo niliahidi kuliezeka tangu mwaka jana, halikutajwa. Kumbe mbio ni kitu kizuri.

Jumatano, 8 Agosti

Balaa. Nimeamka, miguu haina kitu. Nimejinyoosha, nimechuchumaa, salama kabisa! Nimerudi kitandani haraka kabla Wegesa hajaona. Mchana kaja Simioni, blanketi begani, jua kali namna ile. Kasema mbele ya mke wangu kwamba yeye ameshaezeka ghala lake. Mbea mkubwa! Nimeguna kidogo, supu ikaongezwa.

Baadaye Wegesa kasema kwa upole kwamba mvua ikiukuta ulezi wake hauna paa, atarudi kwa mama yake Ringwani. Kwa upole! Hapo nimeogopa kweli. Angefoka ningelala usingizi. Nitaezeka. Lakini supu iishe kwanza.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimelala uani, mapaja nje, samli inang'aa. Ghafla namsikia Wegesa langoni: "Shikamoo mama! Karibu mama!" Mungu wangu! Kwetu mkwe hakutani na mama mkwe hivi hivi, hujificha kwa heshima, sembuse akiwa amelala nusu uchi. Sikumbuki kuinuka. Nimeruka ua wa minyaa, nimelipita zizi, nimekata shamba la Simioni mpaka mtoni. Simioni alikuwa akinywesha ng'ombe. Kapaza sauti kuniuliza Jumamosi mbio hizi nilikuwa nimezificha wapi.

Jioni nimerudi kwa kunyata. Mgeni hayupo. Wegesa anapepeta ulezi. Nimeuliza mama yuko wapi. Kauliza mama yupi. Ngazi ilikuwa imeshaegemezwa kwenye ghala.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeezeka nusu. Wegesa anaimba huku akinirushia nyasi. Simioni kaja kushika ngazi bila kuitwa, anacheka peke yake. Mchana mgongo umekatika. Karibu ukatike.

Jumatatu, 13 Agosti

Niko uani tena, sasa kwa ajili ya mgongo. Shati nimevua, kifudifudi, samli. Wegesa langoni: "Shikamoo mama! Karibu mama!" Nimecheka. Mimi mtoto? Nimepiga kelele kwamba huyo mama aingie upesi, aje anikande mgongo, na samli iko pale!

Halafu kikohozi cha mtu mzima. Nimegeuza shingo. Mama mkwe, kuku kwapani. Alikuwa amesikia habari za zile maili, akaja toka Ringwani kutoa pole. Kuku kamponyoka. Mama kajifunika uso kwa nguo, kageuka, karudi alikotoka bila hata kunywa maji. Nilitamani ardhi ipasuke. Kuku ndiye aliyebaki ananitazama.

Jumanne, 14 Agosti

Wazee wameamua. Ni mbuzi, tena nimpeleke mwenyewe Ringwani kwa miguu, ndipo aibu iondoke na mama aweze kukanyaga tena mji wetu. Wegesa kasema mbuzi asipofika Ringwani, atafika yeye, na hatarudi. Safari hii hata upole hakuna.

Nimekaa nikafikiri sana. Nampenda mke wangu, na nyumba bila yeye siitaki. Mtu mzima hujichunguza. Nimejichunguza, na kosa langu nimeliona wazi: kitanda kilikuwa kimeligeuzia lango mgongo. Nimekigeuza. Sasa hata kuku akipita namwona. Kisha nimejilaza, nimemwita Wegesa, nikamweleza kwamba tangu asubuhi miguu imeanza tena kupumzika.