Ombi la Kulaza Bahari Jumapili ya Tarehe 24 Agosti

Mzee Gibson Angwenyi,
Birongo, ukipita kituo cha majani chai, nyumba ya bati la kijani,
KISII.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Kwa Mtabiri wa Mawimbi,
Mwamba Nyundo,
PWANI.

Mheshimiwa Mtabiri,

MINTARAFU: MAWIMBI YA MITA MBILI NA NUKTA NNE, NAOMBA YAONDOLEWE

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako maji tuliyo nayo ni ya mto na ya mvua, na hayajawahi kupita magoti ya ng'ombe.

Wewe hunijui, lakini mimi nakujua kama ninavyojua meno yangu, yaani yale yaliyobaki. Miezi kumi na moja sasa nasoma ujumbe wako kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya chai na, Mungu anisamehe, kabla ya maombi. Aliyeniingiza kwenye kundi lenu la WhatsApp ni mjukuu wangu Nyaboke, siku aliyonipigia kunieleza kwamba ameacha kazi ya hoteli na sasa anafundisha watu kusimama juu ya ubao na kuteleza nao juu ya wimbi. Nilimuuliza, "Na wimbi lenyewe limekubali?" Akacheka, akasema, "Sokoro, usiwe na wasiwasi, utakuwa unasoma hali ya bahari wewe mwenyewe." Sokoro ni babu, kwa lugha yetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi wenye vipimo.

Sasa nikueleze shida. Mimi na Abigael tumekaa pamoja miaka arobaini na sita. Ng'ombe walitoka kwetu wakaenda kwao mwaka wa 1979, kumi na mmoja, na hakuna aliyerudi. Kilichobaki ni kanisa. Abigael amekuwa akiuliza habari ya kanisa tangu wakati huo, na mimi nimekuwa na shughuli: kwanza ilikuwa kahawa, halafu ikawa majani chai, halafu ikawa goti. Mwaka huu sababu zimeniishia. Nimekubali. Ndoa itafungwa Jumapili hii, tarehe 24, saa nne asubuhi, katika kanisa letu la Waadventista hapa Birongo.

Abigael ametoa sharti moja tu. Nyaboke, ambaye tumemlea tangu akiwa na miaka miwili, asimame kando yake kama msimamizi. Nilipouliza kama hatuwezi kutafuta msimamizi mwingine, alinijibu, "Nyaboke asipokuwepo, simama na pasta, muoane nyinyi wawili."

Na huyo Nyaboke ana mashindano hapo kwenye mwamba wako. Nilidhani mashindano huwa na tarehe, kama mitihani. Kumbe haya hayana. Wanakaa kuanzia tarehe 16 hadi 31 wakingoja siku ambayo mawimbi yamezidi mita mbili na upepo umekuwa mwema, na siku hiyo hutangazwa kwa maneno yako wewe. Ameniambia hivi: "Sokoro, Mtabiri akisema Jumapili bahari imelala, nakuja mbio. Akisema imeamka, sijui nitafanya nini." Sauti yake ilipofika pale kwa "sijui" ilishuka. Nilimlea, naijua.

Jana ukaandika, na ninanukuu: "Jumapili tarehe 24. Mwamba Nyundo, ulio wazi kwa bahari kuu yote. Mawimbi mita 2.4, kila baada ya sekunde kumi na nne. Upepo hafifu kutoka nchi kavu. Safi kabisa. Si mahali pa wanaoanza."

Mheshimiwa, umeandika mistari sita na kuvunja ndoa ya miaka arobaini na sita. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba unasema ukweli kupita kiasi. Nimekuchunguza miezi kumi na moja. Ukisema mita moja na nusu, Nyaboke anasema ilikuwa mita moja na nusu. Hii si tabia ya mtu anayeishi na watu. Babu yangu alikuwa omogimba, mzee wa kuita mvua, na yeye alikuwa na adabu ya kazi. Mtu akija na mbuzi, akisema ana sherehe, babu alitazama mawingu, akatazama mbuzi, kisha akatangaza kwamba mvua imeahirishwa. Ikinyesha, alisema hiyo ni ya kijiji jirani, imepotea njia. Watu walilowa lakini hawakukasirika. Wewe umesoma kuliko babu yangu, una mitambo, na bado hujajifunza jambo dogo kama hilo.

2. Kwamba mawimbi mazuri unapenda kuyaweka Jumamosi. Mwezi uliopita Jumamosi zote nne zilikuwa "safi kabisa", huku Jumatano zikipewa upepo na takataka. Sisi ni Waadventista, Jumamosi ni Sabato, na Nyaboke amelelewa katika imani hiyo. Mimi mwenyewe umeniponza. Sabato moja nilikuwa nimeweka simu ndani ya Biblia, nikiangalia kidogo tu, mara nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mita mbili na nukta moja!" Kanisa zima likageuka kunitazama. Mzee Mogaka, ambaye ni mzee wa kanisa na hajacheka tangu tupate uhuru, akauliza, "Hiyo iko katika sura ya ngapi, Mzee Gibson?" Nikamwambia ni ile ya gharika. Nimeshazeeka kudanganya ndani ya kanisa kwa sababu ya bahari ambayo sijawahi kuiona.

3. Kwamba upepo unaotumia ni wetu. Nimefikiria jambo hili nikichuma majani, na nimefikia mwisho wake. Wewe unasema upepo ukitoka nchi kavu ndio unaolainisha wimbi likasimama vizuri. Nchi kavu ni nani? Ni sisi. Jirani yangu Walter Masese, Mkatoliki lakini mtu mkweli, alipokonywa kofia na upepo hapa kwenye kituo cha majani siku ya Jumanne, na kofia ikaonekana ikielekea mashariki. Alhamisi ukaandika: upepo kutoka nchi kavu. Walter ameniambia niulize kama kofia imefika. Mimi naongeza kwamba kama harusi yangu ni lazima iharibike, basi isiharibiwe na upepo uliotoka Birongo bila mtu wa Birongo kuulizwa.

4. (Hili la nne Abigael hajui kwamba nimeliandika.) Mwanzoni, kwa utundu wangu, nilichukua futi ya fundi na kipande cha mkaa nikachora vipimo kwenye ukuta wa jikoni: mita moja, moja na nusu, mbili. Nilitaka kuona vile maneno yako yanavyosimama. Abigael alisema huo ni ujinga na nitafuta ukuta mwenyewe. Lakini kila asubuhi nikimaliza kusoma, yeye anakoroga uji akiwa amenipa mgongo, na nikimwangalia kwa pembe ya jicho naona shingo inageuka polepole kuelekea ukutani. Mita moja humfika kifuani. Mita moja na nusu humfika kwenye paji la uso. Mita mbili zimepita mlango. Hii ya 2.4 haikupata ukuta, ilibidi nipande juu ya stuli niichore kwenye boriti. Jana Abigael alitazama boriti, akaweka mwiko chini, akatoka kwenda kuchuma mboga. Mboga zilikuwa zimeshachumwa, ziko kwenye karai hapo mbele yake.

5. Kwamba hakuna aliyejaribu kuyazuia. Umeeleza mwenyewe kuwa mawimbi haya yamezaliwa na dhoruba iliyo kusini kabisa, upande wa barafu, na yanasafiri siku kadhaa kabla ya kufika. Leo ni Jumatatu. Basi yako njiani! Lori la ndizi likitoka hapa kwenda Nairobi husimamishwa mara sita na kila mara dereva ateremke ajieleze. Je, bahari yote hiyo haina mtu mmoja wa kuinua mkono na kuyauliza yanaenda wapi?

Kwa hivyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu:

Uandike upya kwamba Jumapili tarehe 24 bahari imelala kama ng'ombe aliyeshiba, haina hata kikunjo, na mtu anaweza kuvuka na mtungi kichwani.

Hayo mawimbi uyasogeze hadi Alhamisi tarehe 28. Nimechagua Alhamisi kwa makusudi. Ijumaa ina watu wake, Jumamosi ni yetu, Jumapili ni ya kina Walter, lakini Alhamisi haidaiwi na mtu. Nyaboke atakuwa amesimama na nyanya yake, amekula wali, na amerudi huko kwenu akiwa na nguvu.

Na ukiwa bado umeshika kalamu, kuna mvua ya mawe inayotushukia saa tisa mchana na kurarua majani chai. Hilo si langu. Ni Mzee Mogaka aliyesikia nakuandikia, akanivuta kando na kuniambia nilipenyeze, ila nisitaje jina lake.

Katika kufuata desturi ya babu yangu, nimekutengea mbuzi dume, rangi ya kahawia, mwenye afya na madharau. Yuko tayari. Bado hajaambiwa.

Nisalimie bahari na mwamba wake. Nisalimie wenzako wa mitambo. Zaidi nisalimie wale wanaoanza, ambao kila asubuhi unawafukuza bila kuwaambia waende wapi. Mimi nina miaka sabini na minne na Jumapili hii ndiyo naanza.

Ni mimi mwenye kukungoja kwa heshima,
bwana harusi, ukipenda,

Gibson Angwenyi

N.B. Alhamisi, 21 Agosti.

Mheshimiwa, barua hii haikutoka. Nilitaka kuipiga picha nikutumie, lakini Jumatatu bando iliisha, Jumanne mvua ilinifungia ndani, na Jumatano Abigael akaikuta mezani akitafuta miwani. Akaipata miwani, akasoma yote, pamoja na lile la nne. Kisha akasema, "Gibson, yaani unamwomba mtu wa watu aseme uongo, ndipo mimi na wewe tukaape ukweli mbele ya pasta?" Nikasema nilikuwa natania. Akaikunja barua, akairudisha mezani. Kisha akaitazama boriti, akaenda kuchochea moto.

Jana hiyohiyo ukatangaza kwamba mashindano ni Jumapili. Na leo asubuhi Nyaboke ameingia hapa na begi mgongoni. Alisoma tangazo lako akapanda basi la huku. "Nimekuja kusimama na magokoro," akasema, yaani nyanya yake. "Mashindano yatakuwepo hata mwakani." Alisema vizuri, akitabasamu, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ubaoni.

Halafu akaingia jikoni, akaona ukuta. "Sokoro, hizi alama ni za nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Abigael akajibu. "Ni zako. Hii ni ya Februari, ulipougua na bado ukaingia majini. Hii ni ya siku ulipovunja ubao. Hii hatukulala." Mheshimiwa, kumbe yule mama alikuwa anahifadhi tarehe zote kichwani.

"Na ile ya juu?"

"Ile ni ya Jumapili."

Nyaboke akaenda akasimama chini ya boriti. Akatanua miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, akakunja magoti, akanyoosha mkono juu. Haukufika. Akaruka, haukufika. Akacheka, na kicheko hicho sijakisikia tangu alipokuwa chini ya alama ya mita moja.

Abigael alimtazama mpaka akamaliza. Akavua aproni, akaikunja, akaniuliza, "Basi la kurudi Pwani linaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi, lakini kuna harusi, pasta ameshaambiwa, wali umenunuliwa, na Birongo yote imealikwa.

"Nimekungoja miaka arobaini na sita," akasema. "Wiki mbili ndizo zitanishinda? Waambie watu bahari haijalala."

Nimetoka kuwaambia pale kituoni. Nilidhani watanicheka, lakini nimewasomea habari zako mwaka mzima. Walter aliuliza tu, "Ngapi?" Nikamjibu mbili na nukta nne. Akapiga mluzi, akasema, "Hapo hakuna harusi."

Kwa hivyo yote niliyoandika hapo juu uyafute. Nyaboke yuko njiani kurudi. Mawimbi ya Jumapili usiyaguse, na ukiweza kuyafikisha mbili na nusu, boriti bado ina nafasi. Upepo wetu tumia wote, na kofia ya Walter mkiiona muivae.

Lakini ututafutie Jumapili moja ya mwezi wa Septemba ambayo bahari imelala kabisa, utujulishe siku nane mapema. Mzee Mogaka anataka tarehe ya kutangaza kanisani, nami nimemwambia itatoka kwako. Abigael amesimama hapa nyuma yangu na anasisitiza niandike: hiyo Jumapili utakayotupa iwe ya ukweli, kama kawaida yako.

Mbuzi ni wako vilevile. Bado hajaambiwa.