Barua Zao, Halwa Yangu

Jamani, leo sina uso.

Mwaka jana nilifungua tovuti ya kuuzia mabuibui ninayoshona. (Mteja wa kwanza bado yuko njiani.) Kumbe jina lake limepishana herufi moja tu na la ofisi moja ya safari huko Qurum, hapa hapa Maskati. Basi barua pepe zao wakikosea watu, zinaniangukia mimi. Niliwaambia ofisi. Hawakujibu.

Juzi ofisi hiyo ikatangaza kazi ya mapokezi. Ndoto yangu! Nikapeleka karatasi zangu kwa mkono, nikaambiwa nije Jumapili (huku kwetu siku ya kazi), ndiyo leo. Huku nyuma barua za waombaji wengine zikanimiminikia. Na mie siwezi kumwacha mtu anangoja jibu. Nikawajibu wote:

"Umekosea anwani, ndugu yangu. Barua hao hawasomi. Nenda mwenyewe Jumapili asubuhi, umchukulie mudiri, mkubwa wao, halwa. Mwenye halwa mkononi hafukuzwi. Dada yako, Rahma."

(Ndiyo, najua. Lakini mmoja aliandika mama yake mgonjwa.)

Leo nimetoka nyumbani Mabela nanukia udi, bakuli la halwa mkononi. Nafungua mlango wa ofisi. Ukumbi umejaa! Na kila mtu kapakata halwa.

(Nilidhani watakuja wawili watatu.)

Mudiri akatoka chumbani kwake, mtu mzima, kilemba kimekaa upande.

"Nani anayewaambia watu waniletee halwa? Mie nna sukari!"

Kijana mmoja, na adabu zake zote, akatoa simu akasoma barua kwa sauti. Neno kwa neno. Mpaka "Dada yako, Rahma."

Katibu wake akaangalia karatasi ya majina.

"Anayefuata... Rahma?"

Nikasimama. Na bakuli langu.

"Wewe ndiye dada yao?"

"Naam, ammi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja akanishukuru, hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

"Nenda nyumbani, mwanangu," mudiri akasema. "Tutakupigia."

Nikaacha halwa mezani, nikatoka.

Teksi haijafika, simu ikalia. Barua mpya, imeingia kwangu. Ya mudiri mwenyewe, anamwandikia katibu wake, naye kakosea herufi ile ile!

"Yule binti wa halwa usimwite tena. Ila muulize kainunua wapi."

Nimemjibu: "Ghubra, duka la nyuma ya msikiti. Lakini kula kidogo, ammi, una sukari. Mwanao, Rahma."