Malalamiko Kuhusu Kondoo wa Miguu Mitano na Programu Iliyochaguliwa kwa Kura

Gehandu, Hanang
Jumatano

Ndugu Evarist Sulle,
Mwenyekiti, Kamati ya Mavazi ya Kigango.

YAH: PROGRAMU YA KUDARIZI NA AKILI ZA KAMATI YAKO

Marahaba. Najua umeniamkia kimoyomoyo ulipoona mwandiko wangu kwenye bahasha, maana nilikufundisha darasa la nne, na kuamkia wakubwa ndilo somo pekee ulilofaulu bila kusaidiwa.

Naandika nimeegemezwa kwenye mito mitatu. Mganga wa zahanati ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Siku hizi ananiambia tu, "Tutaonana, Mwalimu," kisha anaangalia dirishani. Kwa hiyo sina muda wa maneno matamu. Nimesikia kwamba Jumapili baada ya misa mtakaa kumwondoa Letisia, binti anayewashonea na kuwadarizia, kwa kosa la kuharibu majoho ishirini ya kwaya. Kabla hamjakaa, naomba upokee malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili usipotee.

1. Mlichagua programu kwa kura. Programu ya kudarizi, Ndugu Mwenyekiti, ndiyo inayoiambia mashine sindano ishuke wapi. Ina masharti mawili tu: ikubaliane na kompyuta mliyo nayo, na itoe faili ambalo mashine mliyo nayo inaweza kulisoma. Mfanyabiashara aliwaletea maboksi matatu mchague. Ninyi mkayapanga juu ya meza ya sakristia, mkasali, kisha kila jumuiya ikasimama nyuma ya boksi inalolipenda. Likashinda lenye picha ya maua. Mama Justina alilipigia kampeni akisema, "Hili lina furaha." Hakuna hata mmoja wenu aliyeligeuza boksi hilo lenye furaha asome maandishi ya upande wa chini. Sishangai. Nakumbuka jinsi mlivyokuwa mkijibu mitihani kabla ya kusoma swali.

2. Hamkuijua kompyuta yenu. Ile kompyuta mliletewa na mgeni aliyekuwa akiitupa kwa adabu. Programu ilipowekwa iliandika kwamba inahitaji kompyuta mpya zaidi. Katibu wako Basili akasema, "Kompyuta ni kompyuta." Basili ana ng'ombe wanane. Sijawahi kumwona akifunga ndama kwenye jembe la kulimia akisema ng'ombe ni ng'ombe. Mkaazima kompyuta ya mtoto wa Mama Justina, mkapiga makofi kana kwamba kazi imekwisha.

3. Wala hamkuijua mashine. Mashine ile inasoma faili za aina yake tu, na programu ya maua inatoa za aina nyingine kabisa. Flashi ikachomekwa, mashine ikanyamaza. Mkazima, mkawasha. Mkaipuliza flashi. Mkaifuta kwa kanga. Bura, mtunza vifaa wenu, akashauri padre aibariki tena, kwa kuwa ile baraka ya kwanza ilitolewa umeme ukiwa umekatika.

4. Mkaenda Katesh kwa Muksini, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu, na alama ya kibanda chake ni simu kubwa iliyochorwa ukutani. Muksini, peke yake katika mkasa huu wote, aliuliza swali la mtu mwenye akili: "Mashine yenu ni ya aina gani?" Basili akajibu, "Ya umeme." Muksini akasema, "Mzee wangu, hii siyo kazi yangu." Mkamng'ang'ania mpaka akalibadilisha faili kwa kubahatisha ili mwondoke dukani kwake. Simlaumu. Na mimi ningefanya hivyo.

5. Matokeo yake. Nembo ya kwaya ni mwanakondoo aliyebeba bendera. Baada ya safari ile ya Katesh, bendera ikapotea, na mti wake ukashuka ukawa mguu wa tano. Majoho ishirini, kondoo ishirini, miguu mia. Mkayavaa siku ya sikukuu ya somo wa kigango, mbele ya wageni wa kutoka Getanuwas, watu wanaojua kondoo kuliko mnavyojua majina ya watoto wenu. Nyuma yangu mfugaji mmoja aliuliza, "Huo wa tano anautumia lini?" Mwenzake akamjibu, "Akimwona fisi." Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, nikatolewa nje nimebebwa. Tangu siku hiyo sijasimama. Nikifa, kamati yako ihesabiwe miongoni mwa magonjwa yangu.

6. Na sasa mnamtafuta mwenye kosa, mkamwona Letisia. Kosa lake ni kwamba alibonyeza kitufe mlichomwambia abonyeze. Alishona alichopewa. Kama sindano ingekuwa na mdomo mngeifukuza na yenyewe. Binti huyu ana mama mgonjwa na wadogo watatu wanaosoma kwa kazi hiyo, na baada ya kufukuzwa na kanisa hakuna atakayempelekea hata suruali ya kupunguza.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na maombi ya mtu anayekufa hayajadiliwi. Kamati nzima ifanye mtihani wa darasa la nne, somo la kusoma kwa ufahamu, ukisimamiwa na Letisia akiwa na kiboko. Watakaofeli wavae majoho hayo siku ya mnada, wapite katikati ya zizi la kondoo mara mbili, ili mifugo nayo itoe maoni yake. Mwisho, nakataza kondoo yeyote mwenye zaidi ya miguu minne kuniimbia kwenye maziko yangu. Akitokea, nitafunua jeneza.

Wasalimie wanakwaya, jumuiya zote, Mama Justina na furaha yake, na Basili na umeme wake. Mwambie Muksini, ukipita Katesh, kwamba kuna mzee huku Gehandu anamheshimu.

Ni mimi mwalimu wako, ambaye bado anajuta kukupandisha darasa la tano,

Bonaventura Tluway

Baada ya kusaini:

Nimeandika kwamba hakuna aliyesoma. Letisia alisoma. Siku moja kabla ya kura alikuja nyumbani na boksi la maua, akaniamkia, akaniwekea kidole kwenye mstari mdogo wa Kiingereza. Akasema, "Mwalimu, naona kama hapa wanasema haiwezi mashine kama yetu." Ndivyo mstari ule ulivyosema, neno kwa neno. Nikamjibu, "Nimefundisha Kiingereza kabla mama yako hajazaliwa. Wanasema inafaa mashine zote." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaondoka.

Nilijua. Wiki ile mlikuwa mmekitoa altareni kitambaa alichodarizi marehemu mke wangu Hilda kwa mkono wake, miaka miwili macho yakimuuma, mkakikunja kabatini mngoje cha mashine. Nilitaka mashine hiyo inyamaze mpaka nimfuate.

Mmemhoji binti huyu mara tatu na hajanitaja, kwa kuwa alilelewa asimkanushe mzee mbele za watu. Basi soma maneno haya Jumapili kwa sauti, mbele ya wote, usiruke hata neno. Yale mengine ya juu unaweza kuyachoma.

Barua hii nampa Basili akuletee. Ningempa Letisia, angeichana njiani ili kunisitiri.