Tezi ya Mwenyekiti

Jumatatu, 8 Januari

Nimepimwa mbele ya watu, kwenye mizani ya magunia. Mizani ni ya Ansbert, muuza maharage wa jumla hapa Kariakoo na mwenzangu katika klabu ya mazoezi ya wazee wa mtaa wa Gerezani. Mwenyekiti ni mimi. Kilo tisini na sita. Januari iliyopita, themanini na tisa. Ansbert aliwaita makuli wasogee waone. Alisema magunia yote hupungua njiani, ila hili la Mwalimu linaongezeka.

Katiba ya klabu inasema kiongozi aliyeongezeka zaidi ya kilo tatu kwa mwaka ajiuzulu, isipokuwa awe na cheti cha daktari kwamba ana maradhi yanayozuia mwili kupungua. Katiba hiyo niliiandika mwenyewe. Nimepewa hadi Jumapili ya tarehe 21. Kupunguza kilo nne, haiwezekani. Cheti, inawezekana.

Jumanne, 9 Januari

Nasoma kwenye simu tangu alfajiri. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo naelewa upesi. Shingoni kuna tezi iitwayo thairoidi. Ndiyo inayoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani. Ikilegea, mwili unakuwa kama jiko lililotiwa mkaa ulioloa: moshi mwingi, moto hakuna. Mtu anakula kidogo na bado ananenepa. Dalili zake ni uchovu, kuhisi baridi, ngozi kukauka, nywele kunyonyoka, sauti kukwaruza, choo kigumu, kusahau.

Nimejichunguza. Sina hata moja. Choo changu ni cha kupigiwa mfano.

Basi nitajifunza. Badria, mke wangu, alipita kuuliza kama nitakunywa chai. Nikamwomba asinikatize. Alikuwa amejitanda shuka juu ya kanga, kwa joto hili.

Jumatano, 10 Januari

Uvumbuzi. Kila dalili ninayoihitaji ninayo nyumbani. Nimekaa na Badria mchana kutwa, daftari mkononi. Anaketi kwa hatua mbili: kwanza anashika ukuta, halafu anajiachia. Anasema polepole, kwa sauti yenye mikwaruzo. Kitana chake kimejaa nywele. Alisimama katikati ya chumba, akasahau alichokifuata. Kurasa tatu zimejaa.

Akauliza tangu lini namtazama hivyo. Nikamwambia ni mapenzi. Alicheka, akasema basi hayo mapenzi yaje yakune nazi, maana mikono yake imeishiwa nguvu. Nilikuwa katikati ya sentensi.

Ijumaa, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Jaribio la kwanza hadharani. Nilikwenda kwa muuza kahawa nimevaa sweta. Nilivumilia dakika ishirini. Mzee Hashimu, mweka hazina wetu, aliuliza kama nimefiwa na akili. Nikasema nasikia baridi. Ansbert akasema kwao Rombo baridi wanaijua, na haijapata kumtiririsha mtu jasho hadi likaingia kwenye kikombe. Nikapata kizunguzungu. Nilikula kashata nne ili nisianguke.

Nyumbani nilimkuta Badria amelala, saa kumi jioni. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanamke wa miaka hamsini na minane anahitaji kutembea, na kwamba unene wake chanzo chake ni vitumbua. Akasema hajala kitumbua tangu Idi. Sikubishana naye. Wavivu hawakiri.

Jumatatu, 15 Januari

Zahanati, Magomeni. Nilimchukua Badria ili kielelezo kiwe karibu nikisahau. Daktari Agnesi, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alinipa shikamoo. Nikashika ukuta, nikajiachia. Nikakwaruza sauti. Nikataja baridi, nywele, kusahau, yote kwa mpangilio.

Akauliza nakula nini baada ya mazoezi. Nikasema supu. Supu na nini? Na chapati. Ngapi? Nikamweleza kwamba chapati za Gerezani siku hizi wanazisukuma nyembamba mno.

Baada ya hapo hakunitazama tena. Alimtazama Badria, aliyekuwa pembeni chini ya feni, amejifunika hadi masikio. Akainuka, akazima feni. Akamuuliza, "Na wewe, mama, unajisikiaje?"

Badria alinitazama mimi kwanza. Kisha akamwambia daktari kwamba yote aliyoyasema Baba Maimuna ni ya kwake yeye. Alidhani nimemleta ili nimsemee.

Tumetolewa damu wote wawili. Njiani Badria alikuwa kimya, hivyo nikapata nafasi ya kumweleza kazi ya tezi.

Jumatano, 17 Januari

Majibu. Tezi yangu ni nzima. Daktari alisema inafaa kufundishia. Ya Badria imelegea sana, na huenda imekuwa hivyo kwa zaidi ya mwaka. Atameza kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, na chai isubiri nusu saa au zaidi. Arudi kupimwa baada ya wiki sita. Daktari aliniita pembeni, akasema kwa heshima kwamba tungezidi kuchelewa, moyo wake ungeanza kudhurika.

Tulipotoka nilimshika Badria mkono. Ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua. Nikaushika hadi kituoni.

Kisha nikakumbuka kwamba tumepewa cheti. Kina jina lake, lakini nyumba ni moja.

Jumapili, 21 Januari

Mkutano mkuu. Niliwasilisha cheti. Ansbert akakisoma kwa sauti, akatua kwenye jinsia: Ke. Nikafafanua kwamba mume na mke wanakula sufuria moja, hivyo maradhi yanayohusu chakula huwa ya pamoja. Mzee Hashimu akauliza kama na mimba ya Maimuna tuliibeba kwa zamu.

Nikapandishwa mizani. Tisini na saba. Mwenyekiti sasa ni Ansbert.

Watu walipomaliza kucheka, Hashimu aliniuliza, yeye hacheki, nilizijuaje dalili zote hizo ilhali mke wangu amepata dawa juzi tu. Nikasema hilo ni swali la kitaalamu, na nikaomba muda.

Alhamisi, 29 Februari

Muda nimeutumia vizuri. Nimeandaa somo kwa wanachama: Namna ya Kutambua Maradhi ya Watu Tunaoishi Nao. Kurasa kumi na mbili. Wakilisikia watajuta kumchagua muuza maharage. Ansbert amenipa saa kumi jioni, baada ya mazoezi.

Badria siku hizi anaamka kabla yangu. Asubuhi aliniomba nimsindikize kwa daktari, maana leo ni siku ya kupimwa tena na anaogopa. Nikamwambia niko ukurasa wa tisa, kwenye umuhimu wa kuwasikiliza. Akampigia simu binti yetu Maimuna, wakaenda.

Amerudi saa nane. Ameketi mbele yangu muda mrefu na karatasi ya majibu mapajani, ananitazama tu. Nimeiandika hiyo pia, chini ya dalili.