Refa Aliyepiga Marufuku Furaha

Kama furaha ingekuwa kosa la jinai, Kifungu angekuwa polisi, hakimu na bwana jela kwa mpigo!

Siku za kazi alikuwa karani wa masjala, akigonga mihuri. Jumamosi alikuwa refa wa ligi ya mtaa, na huko ndiko alikopewa hilo jina, kwa kutaja vifungu vya sheria hata pale mpira ulipotoka nje. Msimu huo alitangaza kifungu kipya: kushangilia goli mwisho sekunde tatu. Ya nne, kadi!

Asubuhi ya fainali, mkewe alimkazia macho huku akimkabidhi soksi.

"Leo baba anadaka upande wa timu ya waokaji mikate. Usinitie aibu."

"Uwanjani sina mkwe," Kifungu alijibu akijitazama kwenye kioo. "Nina wachezaji ishirini na wawili tu."

Basi mpira ukaanza. Winga wa waokaji akafunga, akakata kiuno kidogo. Njano! Kule golini, mkwe akapiga makofi. Kifungu akatimua mbio nusu uwanja kumfuata.

"Njano, mzee!"

"Ya nini, mwanangu?"

"Kushangilia kwa mbali!"

Wapinzani wao, mafundi bomba, waliposawazisha, walikuwa wameshapata somo. Walisimama wima, nyuso zimekauka, kama wanapigwa picha ya pasipoti. Mfungaji alipewa pole! Kifungu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huo sasa ndio mpira!

Dakika ya themanini na tisa, mkwe akaubutua mpira kutoka golini kwake. Ukapaa, ukapaa, ukadunda mara moja, ukampita kipa wa mafundi aliyekuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Goli!

Mzee alikuwa na miaka hamsini na minane, na maishani mwake hakuwahi kufunga hata goli la mazoezi. Akachomoka, kitambi mbele, yeye nyuma! Akavua jezi, akaizungusha kama feni, akapiga magoti. Kuinuka kukamshinda, mabeki wawili wakamnyanyua kama kabati.

Macho yote yakamgeukia Kifungu. Mkono ukaenda mfukoni.

Nyekundu!

"Nikupe binti, wewe unipe kadi?" mkwe aliuliza, kifua wazi.

Lakini Kifungu hakumsikia. Alikuwa amelewa ushujaa wake mwenyewe! Aliinua kadi juu, akasimama kwa ncha za vidole, akaigeuza mashariki, magharibi, kusini na kaskazini, asikose kuiona hata aliyekaa juu ya ukuta. Tabasamu likamfika masikioni.

Mwenyekiti wa ligi, mama mwenye duka la saruji, akaingia uwanjani na saa yake mkononi.

"Refa, hiyo ni sekunde ya thelathini na saba. Unashangilia nini?"

"Sishangilii, mama. Naonyesha kadi."

"Na hayo meno yote ni ya kadi? Lete kipenga. Nje!"

Kipenga akapewa mshika kibendera. Kifungu akaburuta miguu hadi kwenye benchi la waliotolewa. Lilikuwa fupi, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ubavuni mwa mkwe.

Wakakaa. Mzee akajifuta jasho taratibu, akamgeukia.

"Haya, mwanangu, wote tumetolewa. Ila mimi nimefunga goli. Wewe umefunga nini?"

Kifungu akafunga mdomo.