Wiki Yangu Bila Simu

Jumatatu, 6 Mei
Mwalimu Mkuu ametangaza Wiki Bila Skrini. Kila mtoto ataandika kwenye kadi saa alizokaa mbele ya televisheni au simu. Sisi walimu tutakabidhi simu kila asubuhi, ziwekwe kwenye sanduku ofisini kwake, tuwe mfano. Atakayeng'ara atakuwa mratibu wa mpango. Nani kama mimi? Nimekabidhi simu mbovu, marehemu tangu mwaka juzi. Nzima iko ndani ya soksi.

Jumanne, 7 Mei
Kadi ya binti yangu wa darasa la tatu ina mstari wa wazazi. Ameandika: Baba, saa sita. Nimemwita kando nikamwambia huko ni kumchafulia mzazi jina. Akajibu kwa adabu kwamba za chooni hakuzihesabu.
Darasa la Mwalimu wa Hisabati linaongoza. Anatembea kama amemeza rula.

Jumatano, 8 Mei
Saa nne nilijipenyeza stoo ya vifaa vya michezo, nikatazama video ya namna ya kupunguza matumizi ya simu. Utafiti tu. Mlinzi akapita, akaona mlango hauna kufuli, akafunga. Nikagonga weee. Nje watoto wanaimba. Ikabidi nimpigie Mwalimu wa Hisabati. Nilisahau kwamba simu yake imo sandukuni. Akapokea Mwalimu Mkuu mwenyewe.
"Mwalimu, unapiga kwa simu gani?"
Nikasema samahani, nimekosea namba. Akasema sauti anaijua, na kwenye kioo limetokea jina "Mzee wa Visingizio".

Alhamisi, 9 Mei
Uratibu amepewa Hisabati. Mimi nimepewa zamu ya uwanjani mapumziko yote, mikono mitupu. Nilikuwa nimenuna. Binti yangu akanivuta, akanifundisha kuruka kamba. Nikaanguka mara tatu. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo. Kengele ililia mapema mno.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetambua tatizo: hakuna ufuatiliaji. Asubuhi nimefungua kundi la wazazi kwenye simu, la kukumbushana kuweka simu chini. Wamejiunga arobaini na wawili. Kila anayeandika namjibu papo hapo. Kiongozi ni kioo. Binti amekuja na kamba mara mbili. Nimemwambia avute subira, baba yuko kazini. Amesema sawa, akaenda kuwasha televisheni.