Ushahidi wa Futari

Jumatatu, 15 Machi 1993. Kambini, Mombasa.
Daftari jipya. Zakia, muuguzi wa zahanati ya kambi, anasema moyo wangu hauna ugonjwa. Mawazo ndiyo yanaukimbiza. Niandike wazo baya, kisha ushahidi wa kuliunga mkono na wa kulipinga. Kazi nyepesi! Nilikuwa karani bandarini Kismayu.
Wazo: Hakuna anayenitaka. Tangu vita vinitupe huku nafuturu peke yangu, na jirani yangu Mwanasiti, wa kisiwa cha Ngumi, hutandika mkeka wa futari karibu kabisa na hema langu. Ushahidi wa kupinga: sina. Nitautafuta.

Jumanne, 16 Machi
Jaribio. Magharibi nimekaa hemani kimya, taa nimezima, nione nani atauliza niko wapi. Hakuja mtu!
Kweli, asubuhi nilimwambia Mwanasiti nimealikwa mjini kwa watu wakubwa. Sikutaka adhani nangoja kualikwa. Nimefuturu tende gizani. Zina mchanga.

Jumatano, 17 Machi
Ghalib, mvuvi wa kisiwa cha Koyama anayekula kwa Mwanasiti kila siku bila haya, kaniuliza kwa Kibajuni chake kwenye foleni ya maji: "Haya, mchu mkubwa, wenyeji wako walikulisha nini?" Nikasema pilau, kuku, sambusa. Akauliza mbona mbavu hazina habari. Foleni nzima ikacheka. Mwanasiti hakucheka. Akasema leo ana samaki wa nazi, nije. Nimekataa. Mwaliko wa huruma si ushahidi.

Alhamisi, 18 Machi
Zakia kasoma safu zangu za ushahidi. Kauliza watu wamfuateje mtu aliyewaambia hayupo. Nimeudhika. Baadaye nimekubali: kasema kweli.
Mwanasiti kaniita tena. Kesho nafasi yangu ipo mkekani, na nisipokuja atanivuta sikio. Nimesema naja! Nimefua kikoi. Sijafurahi hivi tangu Kismayu.

Ijumaa, 19 Machi
Kikoi kimekauka. Alasiri moyo ukaanza kukimbia. Je, nikikaa pale na asinisemeshe mtu? Bora jaribio moja la mwisho, la haki. Nimemtuma Ghalib aseme nina homa. Safari hii wanajua nipo. Anayenitaka atakuja.
Magharibi. Nimelala chali ndani ya kikoi safi. Hatua mlangoni! Nikafumba macho. Mwanasiti akanong'ona kwamba maskini kapata usingizi, asiamshwe. Ghalib akaanza mzaha, akanyamazishwa. Kisha nikawasikia wakiinua mkeka na vyungu, wakaenda kufuturu nyuma ya tangi la maji, ili wasinisumbue.
Nimewasha taa. Ushahidi wa kuunga mkono: Wamehama.